Mtoto analialia ndani na hujui anataka nini: tafuta chanzo kabla ya mdoli

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu akichoshwa na kukaa ndani hana maneno ya kukuambia. Anavuta kanga yako. Anamwaga unga. Anarusha kandambili dirishani, kisha anajigaragaza sakafuni kwa sababu umemmenyea ndizi aliyotaka kuimenya mwenyewe. Anayemlea, awe mama, bibi, baba au dada wa kazi, hukimbilia kumpa kitu: biskuti, mdoli, simu. Cha kwanza kikishindwa kinaletwa cha pili, na ikifika adhuhuri chumba kimejaa vikorokoro na mtoto bado analia.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Tazama anachofanya wako, soma chanzo chake, ndipo ujaribu dawa. Nimewafikiria wanaolea huku kwetu Mtwara na majirani zetu wa Lindi, kwenye vyumba viwili na uwanja mdogo, ambako midoli ya dukani ni ghali lakini vifuu vya nazi havikosekani jikoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kinachowaliza watoto wengi ni kuwekwa kando ya kazi za nyumba, na pengo hilo mdoli hauwezi kuliziba.

Analialia tangu asubuhi, hakuna kinachomridhisha

Anza na mwili. Mwenye njaa, kiu au usingizi hachezeki, na kila mchezo utakaomletea utauona umeshindwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, ukihesabu na wa mchana. Wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Aliyekesha nanyi ngomani hadi usiku wa manane, kesho yake analidai deni hilo, na dawa yake ni kulala tu.

Joto nalo. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba chenye bati bila dari kinawaka ikifika saa sita mchana. Mvue nguo, mwangalie shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja kama ana vipele vya joto, mwogeshe, mhamishie kivulini. Wengi hunyamaza hapo hapo.

Kama anatafuna kila kitu na udenda unamchuruzika, pitisha kidole safi kwenye ufizi. Magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19 hivi, ya pili kati ya miezi 23 na 33, na siku za magego mtoto hupoteza hamu ya kucheza. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi humtuliza. Lakini meno hayaleti homa kali. Mwili ukichemka usiseme "ni meno tu". Mikoa yetu hii ina malaria nyingi, kwa hiyo mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Na akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, acha kila kitu uende hospitali.

Mwili ukiwa salama, ndipo uendelee na dalili zinazofuata.

Anakung'ang'ania miguuni unapopika

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ndiyo inayotibika vizuri zaidi. Chanzo chake ni kwamba wewe ndiye kitu cha kuvutia kuliko vyote nyumbani. Mikono yako inafanya maajabu: inakuna nazi, inakamua tui, inachambua mboga, inapuliza mkaa. Yeye anaona magoti. Ukimpeleka sebuleni akacheze peke yake umemfukuza kwenye tamasha, lazima arudi na kilio.

Mpe kazi. Kazi ya kweli, inayofanana na yako, kwenye mkeka wake ulioutandika mbali na jiko lakini mahali anapokuona uso. Ukichambua matembele au mchicha, mpe fungu lake avunje vijiti na kuchuma majani. (Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu kabla ya kupikwa na yeye atakitia mdomoni.) Ukileta ming'oko, vile viazi vidogo vya porini, kutoka sokoni, mwekee kadhaa kwenye beseni lenye maji kidogo na kitambaa, aioshe. Atauosha mmoja mara kumi na kulowa hadi tumboni. Mwache. Ukifua, soksi na leso ni zake.

Unapokuna nazi una michezo miwili mkononi. Wa kwanza ni machicha. Baada ya kukamua tui usiwatupie kuku machicha yote. Mwekee mtoto magao mawili kwenye sinia pamoja na kijiko na kikombe cha plastiki. Yanashikana akiyafinya, yanamwagika akiyaachia, yananukia, na akila kidogo hakuna ubaya, jambo ambalo mchanga hauna. Yatupe akimaliza, maana kwa joto letu yanachacha haraka.

Wa pili ni kifuu chenyewe. Kila nazi ina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini. Chukua nusu ile yenye macho, kisugue ukingo kwenye saruji mpaka usikwaruze tena, kisha litoboe jicho lile laini kwa msumari. Mpe beseni lenye maji ya kufika kwenye vifundo vya vidole na kikombe. Akijaza kifuu na kukiinua, maji yanashuka kama uzi mwembamba katikati. Tazama uso wake mara ya kwanza. Atainua kifuu, atachungulia chini, atatia kidole penye tobo maji yakate, atakitoa yaendelee. Atarudia hivyo mpaka ugali uive. Hapo anajifunza kwamba yeye ndiye aliyeyakatisha maji, na mtoto aliyegundua jambo kama hilo hana muda wa kulia.

Sharti la beseni halina mjadala: uwepo karibu, na ukiondoka hata kwenda kupokea mgeni mlangoni, unamwaga maji kwanza. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache mno, na ndoo ni hatari kuliko beseni kwa sababu akiingia kichwa kwanza hawezi kujitoa.

Halafu ongea naye. Akisema "maji!" sema "ndiyo, maji yanamwagika, yamefika chini." Tanzania ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, ilitaja malezi yenye mwitikio kati ya nguzo zake tano, sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama. Jina ni refu lakini tendo ni hilo: mtoto akitoa sauti au akionyesha kitu, mkubwa anamjibu. Haikugharimu chochote, na mikono yako inaendelea na mboga.

Anatupa kila anachoshika

Hafanyi ubishi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewachunguza wanawe watatu tangu uchanga, aliandika jinsi mtoto anavyodondosha kitu kile kile mara nyingi, kila mara kwa namna tofauti kidogo, akitazama kinavyoanguka. Ni uchunguzi. Kijiko kinalia, kitambaa hakilii, yai linapasuka.

Ukimwambia "acha kutupa" umemzuia kufanya jambo ambalo mwili wake unalidai. Badilisha kinachotupwa na kinakotupwa. Viringisha soksi kuukuu au funga mpira wa matambara, weka ndoo tupu au boksi hatua mbili kutoka aliposimama, na kila kikiingia mpigie makofi. Akirusha kikombe, kichukue bila hasira, mpe soksi, mwonyeshe ndoo. Utafanya hivyo mara nyingi kabla hajashika, na ni kawaida.

Dalili zinazofanana na hii zina dawa za aina hiyo hiyo. Anayehamisha vitu chumba hadi chumba mpe kikapu chenye mkono, umtume: "Mpelekee babu kandambili zake." Anayejificha ndani ya kanga na kujifunika kila mara mpe boksi kubwa na kipande cha kitenge. Anayemwaga mpe vikombe viwili na machicha. Anayegonga masufuria mpe debe na mwiko wa mti, kisha piga naye mdundo wa ngoma ya sindimba acheze hadi jasho limtoke.

Anashika kitu dakika moja, anakiacha

Hesabu vilivyo mbele yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 36 wadogo: kila mtoto alicheza mara moja kwenye chumba chenye vitu 4 na mara nyingine chenye vitu 16. Palipokuwa na vinne, walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi.

Kwa hiyo kusanya vyote, acha vinne, vingine funga kwenye mfuko juu ya kabati. Baada ya siku chache badilisha. Gari la chupa lenye matairi ya kandambili lililokaa kabatini wiki nzima hurudi likiwa jipya machoni pake.

Sababu nyingine ni kwamba kitu chenyewe kinafanya jambo moja tu. Mdoli wa betri unaoimba ukibonyezwa unaisha haraka, maana kila kitu unakifanya wenyewe. Kifuu, boksi, kanga na kopo havina kazi maalumu, ndiyo maana havimwishii. Na umri pia: wa mwaka mmoja na nusu kuhama baada ya dakika chache si ugonjwa.

Mvua imewafungia, anapanda madirisha

Huku kusini mvua zetu huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kuna siku mlango haufunguki. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kila siku, zikigawanywa kutwa nzima. Asipozipata uwanjani atazitafuta dirishani.

Nguvu hizo zinahitaji mchezo wa mwili, kwa hiyo penseli na picha weka kando kwanza. Tandika kanga kuukuu kwenye sakafu ya saruji, mkalishe katikati, shika ncha mbili umburute polepole kutoka chumbani hadi sebuleni kama anapelekwa Masasi kwa basi, ukitaja vituo: Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda. Panga mito atambae juu yake. Funga kanga kati ya viti viwili apite chini. Kama hakuna radi wala upepo mkali na mwili wake hauna homa, mvue nguo dakika kadhaa barazani aguse maji yanayotoka kwenye bati, kisha mkaushe vizuri. Mimi naona hakuna mdoli unaoshinda hilo.

Analia kaka yake akienda shule

Hutokea sana Januari. Jana alikuwa na mwenzake wa kucheza, leo nyumba imepoa. Usimfiche wala kumdanganya kwamba kaka yuko dukani. Atakaa mlangoni akisubiri. Mpe na yeye safari yake: mfuko wake, chupa yake ya maji, amsindikize kaka hadi kona, kisha mrudi mkiwa mmepanga kazi. Saa moja hadi saa mbili asubuhi mpe muda wako wewe mwenyewe, hata ukifagia uwanja naye ana ufagio wake mfupi. Watoto wa jirani husaidia pia, ila usitegemee wa miaka miwili ashirikiane kwa mchezo mmoja. Umri huo hucheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, na bado wanafaidiana.

Analilia simu

Simu hunyamazisha, sitabisha. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linasema isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Akiwa ameizoea, kilio cha siku za kwanza hakikwepeki.

Usimpokonye ghafla. Mwambie kabla: "Ikiisha hii tunaenda kuwapa kuku maji." Ikiisha, simu iende mahali asipopaona na nyinyi muende kwa kuku kweli. Anayetimiziwa ahadi hulia kwa muda mfupi zaidi kuliko anayedanganywa. Ukimpa kitu mkononi badala ya simu kiwe kinacholoweka, kinachomwagika au kinachogongwa, maana aliyezoea macho yake kukimbizwa havutiwi na picha kwenye karatasi. Kumpigia bibi aliyeko Newala kwa video ni jambo tofauti, kwa sababu bibi anamjibu. Na watu wazima nao waziweke zao chini saa hiyo. Hapa nasema na baba pia.

Kila kitu mdomoni, hata udongo

Kuonja vitu ni kawaida hadi karibu miaka miwili. Kurudi kwenye udongo kila siku, kuutafuta na kuuficha, si kuchoshwa. Mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Mweleze mhudumu wa kliniki, apimwe damu. Hakikisha hakosi matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa Juni na Desemba, na umwekee dagaa waliosagwa, maini na mboga za majani, pamoja na tunda kama chungwa, embe au bibo lililokamuliwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.

Msimu wetu una hatari zake. Korosho ghafi zinazoanikwa uwanjani Oktoba hadi Desemba zina mafuta kwenye ganda yanayounguza ngozi na midomo. Mkeka wa mtoto usikae jirani na jamvi la korosho. Korosho zilizobanguliwa na karanga nzima zinamkaba mtoto wa chini ya miaka 5, kwa hiyo zitwange kwanza. Mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho ifungiwe stoo, na shati alilopulizia baba lisimkumbatie mtoto kabla ya kufuliwa. Vipande vya muhogo mchungu unaoanikwa viwe juu. Vizibo vya soda, maharage na betri ndogo za mviringo usivifanye vitu vya kuchezea hata ukiwa umekaa naye. Betri hizo zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache tu, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Hachezi na chochote, hata akiitwa hageuki

Usiendelee kumtafutia michezo. Ikiwa hageuki akisikia jina lake, amefika miezi 18 na haonyeshi kitu kwa kidole, amefika miaka 2 na haunganishi maneno mawili, au alikuwa anajua kitu akakipoteza, mpeleke kliniki mapema aangaliwe masikio na makuzi yake. "Baba yake naye alichelewa" ni neno la upendo la bibi, ila lisicheleweshe safari.

Kimya cha ghafla

Nenda ukaone. Kwa kawaida utamkuta na unga wa ngano nywele nzima. Lakini kama chupa ya soda uliyowekea mafuta ya taa imelala pembeni yake na mdomo unanuka, usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Mchukue hospitali pamoja na chupa hiyo.

Jioni anachachamaa

Kuanzia saa kumi na moja hadi magharibi mtoto amechoka, wewe umechoka, chakula hakijaiva, na moto wa mkaa unakataa kushika. Mchezo mpya hapa unazidisha. Mlishe kitu kidogo mapema, hata viazi vitamu vya mchana, usisubiri ugali wa wote. Muogeshe wakati jua bado lipo, na bafuni mwachie kile kifuu chenye tobo. Kisha apate mtu mmoja wa kukaa naye bila kazi nyingine. Babu anafaa sana saa hii: amkalishe barazani, wahesabu bodaboda zinazopita, waite majina ya wanaotoka msikitini. Kama hakuna mtu, mfunge mgongoni kwa kanga uendelee na kazi zisizo za moto.

Kama kila jioni ni hivyo, angalia usingizi wa mchana. Asiyelala kabisa huchachamaa saa kumi na moja. Anayelala saa kumi hukesha hadi saa tano usiku. Mlaze baada ya chakula cha mchana, saa saba au saa nane, na ikigonga saa tisa na nusu mwamshe kwa kumtoa nje penye upepo wa bahari.